Maji Yakipwa Si Saa Yake

Sisi watu wa Tanga tunaijua bahari. Hata sisi wa Nguvumali, ambao hatulali ufukweni, kitoweo chetu hutoka huko. Wachuuzi wetu huamka mapema kwenda soko la samaki la Deep Sea. Wengi wetu tuna ndugu Sahare, Tongoni, Kigombe, Moa na Pangani. Kwa hiyo habari ya bahari ni habari yetu.

Tunajua kwamba maji yana saa zake. Kila siku yanapwa na kujaa, kisha yanapwa tena na kujaa tena. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, yanakuwa maji ya bamvua. Hayo hutoka mbali sana na kurudi mengi. Katikati yake yanakuwa maji mafu. Bibi zetu hawakuvaa saa za mkononi, lakini walijua wakati wa kwenda mwambani kuchokoa pweza na wakati wa kurudi.

Hebu sasa tujiulize. Je, maji yakitoka wakati si wake, mtu afanyeje? Tuseme umesimama ufukweni, na ghafla bahari inarudi nyuma. Mwamba unabaki wazi. Samaki wanarukaruka mchangani. Wengi wetu tungesema, "Leo Mungu ametupa riziki, lete kapu!"

Somo letu la leo linasema: La! Tupa kapu, shika mtoto mkono, kimbilia juu. Tutaeleza kwa nini.

TSUNAMI NI NINI?

Neno tsunami ni la Kijapani. Maana yake ni wimbi la bandarini. Wajapani waliliita hivyo kwa kuwa wavuvi wao walikuwa wanavua mbali, hawaoni jambo lolote la ajabu, kisha wakirudi wanakuta bandari na kijiji vimevunjwavunjwa na maji.

Wimbi la kawaida huletwa na upepo. Kaskazi ikivuma au kusi ikivuma, upepo unasukuma maji ya juu tu. Tsunami si hivyo. Tsunami huletwa na kishindo kinachosukuma maji yote, toka chini ya bahari hadi juu. Mara nyingi kishindo hicho ni tetemeko la ardhi lililotokea chini ya bahari. Mara nyingine ni mlima wa moto unaolipuka, au ardhi inayoporomoka na kuingia majini.

Tunaweza kufanya jaribio dogo nyumbani. Chukua karai, tia maji. Puliza juu ya maji kwa mdomo. Utaona viwimbi vidogo vidogo. Huo ndio upepo. Sasa ligonge karai kwa nguvu kutoka chini. Maji yote yatatikisika na kumwagika pembeni. Hiyo ndiyo tsunami.

Katika kilindi cha bahari, tsunami hukimbia kilomita 700 au 800 kwa saa, yaani mwendo wa ndege kubwa ya abiria. Lakini huko kilindini haipandi juu sana. Mara nyingi haifiki hata mita moja. Mvuvi aliye mbali katika ngalawa yake anaweza kupitwa asijue. Ikifika penye maji madogo, mwendo wake unapungua, na maji yanayokuja nyuma yanayapanda yale ya mbele. Hapo ndipo linapoinuka na kuwa kama ukuta, au kama mto uliofurika unaoingia nchi kavu bila kusimama.

Aghalabu, kabla maji hayajaja, bahari hurudi nyuma kwanza. Hii ndiyo alama tuliyoitaja. Lakini si kila mara. Mara nyingine maji huja moja kwa moja.

WALIOSIMAMA KUTAZAMA

Historia ya tsunami duniani ni ndefu, na ina vifo vingi. Tutataja michache tu, kwa sababu kila mmoja una fundisho.

Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko kubwa liliupiga mji wa Lisbon, huko Ureno. Nyumba zilianguka na moto ukawaka. Watu wengi wakakimbilia bandarini, wakidhani penye uwazi pana usalama. Wakaona maji yamerudi nyuma, sakafu ya bandari iko wazi. Baada ya muda mfupi bahari ikarudi na kuwafunika.

Tarehe 27 Agosti 1883 mlima wa moto uitwao Krakatau, huko Indonesia, ulilipuka. Mawimbi yake yaliua watu zaidi ya 30,000 katika visiwa vya Java na Sumatra.

Tarehe 28 Novemba 1945 tetemeko lilitokea chini ya bahari karibu na pwani ya Makran, ambayo sasa ni Pakistan. Mawimbi yakaua watu huko na kufika mpaka pwani za India na Oman. Hii ni bahari ile ile ya Hindi, ambayo majahazi ya babu zetu yalikuwa yakipita kwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi.

Tarehe 22 Mei 1960 nchi ya Chile, Amerika ya Kusini, ilipata tetemeko la ukubwa wa 9.5. Halijapimwa jingine kubwa kuliko hilo. Wimbi lake lilivuka bahari, na baada ya saa 15 hivi likafika mji wa Hilo katika visiwa vya Hawaii. Ving'ora vya hatari vilikuwa vimekwisha kulia. Lakini watu wengine hawakuondoka. Mawimbi ya kwanza yalikuwa madogo, basi wengine waliokuwa wameondoka wakarudi, wakisema hatari imekwisha. Kisha likaja kubwa. Watu 61 walikufa mjini Hilo. Wimbi likaendelea mpaka Japani na kuua zaidi ya watu 100 wengine.

Tunaona hapo mambo mawili. Kwanza, tsunami inaweza kuua watu ambao hawakusikia hata mtikisiko, kwa kuwa tetemeko lilitokea mbali. Pili, wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote. Anayerudi upesi hurudi kifoni.

JUMAPILI YA TAREHE 26 DESEMBA 2004

Sasa tuje kwetu. Siku hiyo ilikuwa siku ya pili ya Krismasi. Kwa saa zetu za Tanzania ilikuwa karibu saa 10 alfajiri, tungali usingizini. Sakafu ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, ilipasuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Ukubwa wa tetemeko ulikuwa 9.1.

Mji wa Banda Aceh ulifikiwa na maji katika muda wa nusu saa hivi. Sri Lanka na India zilifikiwa baada ya saa 2 hivi. Kisha maji yakaendelea kuja upande wetu. Kutoka Sumatra mpaka Tanga ni zaidi ya kilomita 6,000. Somalia ilipigwa vibaya, hasa rasi ya Hafun, na karibu watu 300 wakapoteza maisha. Mchana maji yakafika pwani ya Kenya na Tanzania.

Kwa jumla watu karibu 230,000 walikufa katika nchi 14. Indonesia peke yake ilipoteza zaidi ya watu 160,000. Hakuna tsunami nyingine inayojulikana iliyoua watu wengi kiasi hicho.

Hapa Tanzania walikufa watu wasiopungua 10. Wengi wao walikuwa wakiogelea katika fukwe za Dar es Salaam kwa ajili ya sikukuu. Mtu anaweza kusema 10 ni wachache ukilinganisha na maelfu ya huko. Lakini kwa mama aliyempeleka mwanawe kuogelea akarudi peke yake, mmoja ni wengi.

Na hapa pana jambo la kufikiri sana. Watu hao walikufa zaidi ya saa 8 baada ya tetemeko. Saa 8 ni siku nzima ya kazi! Katika muda huo habari zilikuwa zinatangazwa duniani kote kwamba nchi za Asia zimepigwa na maji. Huko Kenya habari zilipofika, polisi waliwaondoa watu katika fukwe za Mombasa, na aliyekufa nchini humo alikuwa mtu mmoja. Kwa hiyo kilichohitajika hakikuwa ukuta wala mtambo. Kilihitajika mtu wa kusikia habari na kusema, "Tokeni majini!"

Tena tulikuwa na bahati. Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, maji ya bamvua. Sote tunajua kwamba katika bamvua maji yetu hupwa kabisa asubuhi, kiasi cha saa 4 au 5, na hujaa kabisa jioni kiasi cha saa 10. Wimbi lilipofika mchana, maji yalikuwa bado chini. Je, lingefika saa 10 jioni, maji yamejaa mpaka kwenye minazi, ingekuwaje?

KUMBE ILIKWISHA KUJA PANGANI

Baada ya mwaka 2004 watu wengi walisema, "Jambo hili ni geni. Wazee wetu hawakuliona." Kumbe si geni.

Kusini ya hapa, mwendo wa kilomita 50 hivi, uko mji wa Pangani, penye mlango wa mto. Katika ghuba hiyo wataalamu wa mambo ya kale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichimba mahali palipokuwa na makazi ya Waswahili wa zamani sana, watu waliovua samaki na kufinyanga vyungu. Humo walikuta mifupa ya watu. Haikuwa imelazwa kama maiti zinavyolazwa kaburini. Wala haikuwa na dalili kwamba watu hao waliuawa kwa silaha.

Baadaye walikuja wataalamu wa udongo wakishirikiana na Watanzania. Wakachunguza tabaka la mchanga lililofunika mifupa ile. Wakaona ndani yake viumbe vidogo vya baharini ambavyo makazi yake si nchi kavu. Maana yake, mchanga ule uliletwa na bahari kwa nguvu kubwa. Walipopima umri wake, wakapata kiasi cha miaka 1,000. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2020. Maoni yao ni kwamba kijiji kile kilifunikwa na tsunami iliyotoka upande ule ule wa Sumatra, na kwamba pwani ya Afrika ya Mashariki ina hatari kubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Tufikiri kidogo juu ya watu hao. Walikuwa wavuvi kama wavuvi wa leo wa Pangani. Walijua kupwa na kujaa kama tunavyojua sisi. Siku moja maji yakaja, wakafa. Bila shaka wako waliopona au waliokuwa safarini, wakarudi wakalia. Wakawasimulia watoto wao. Watoto wakawasimulia wajukuu. Halafu, katika vizazi vya kati, simulizi likakatika. Hatuna wimbo wake, hatuna methali yake, hatuna hata jina la siku hiyo. Mchanga ndio uliotunza habari kwa miaka 1,000, sisi wanadamu tukaisahau.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sasa tunaona kwamba hata msiba bila daftari huisha bila habari. Na msiba uliosahauliwa hurudi ukawakuta watu wamelala.

KISIWA KILICHOKUMBUKA

Wako watu waliokumbuka. Karibu sana na mahali tetemeko la 2004 lilipoanzia, kipo kisiwa cha Simeulue. Kilikuwa na watu wapatao 78,000. Wimbi liliwafikia upesi kuliko mtu yeyote kuweza kuwapigia simu. Je, walikufa wangapi? Watu 7 tu.

Sababu ni neno moja: smong. Mwaka 1907 tsunami iliua watu wengi katika kisiwa hicho. Waliopona walilipa jambo hilo jina, wakalitia katika hadithi na nyimbo za kubembelezea watoto. Ardhi ikitikisika sana, kisha bahari ikirudi nyuma, hiyo ni smong. Usingoje, kimbilia kilimani. Basi asubuhi ya mwaka 2004, karibu miaka 100 baadaye, mtu mmoja akipaza sauti "Smong!" mwingine anaitikia, na kijiji kizima kinapanda mlima. Wengi wao hawakuwahi kuona tsunami maisha yao yote. Lakini waliwasikiliza wazee. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wao walisikia.

Japani nao walitumia maandishi. Katika kijiji cha Aneyoshi, wazee walioona tsunami ya mwaka 1933 walisimamisha jiwe mlimani. Juu yake waliandika kuwaonya vizazi vyao wasijenge nyumba chini ya mahali hapo. Watoto wakasoma, wakatii. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami kubwa ikaipiga Japani, na watu zaidi ya 18,000 wakafa au wasionekane tena. Huko Aneyoshi maji yalipanda mlima, lakini yaliishia chini ya jiwe lile. Nyumba zilizokuwa juu zilisalimika.

Ndugu wasomaji, sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua thamani ya jiwe hilo. Tulipoanza kuandika majina yetu, wengine walituuliza, "Mtu mzima, kusoma kutakusaidia nini?" Jibu mojawapo ni hilo jiwe.

TUFANYE NINI?

Hatuandiki haya ili watu waiogope bahari. Tsunami kubwa huja mara chache sana katika pwani yetu. Kesho asubuhi wavuvi wataweka matanga kama kawaida, na akina mama watakwenda mwambani. Lakini tahadhari ni kabla ya hatari. Basi tuyashike haya:

1. Maji yakitoka ghafla na si saa yake, usiyafuate. Usiokote samaki, usisimame kutazama. Kimbilia mahali pa juu, mbali na ufuo na mbali na mlango wa mto.

2. Ukisikia mngurumo mkubwa kutoka baharini, kama gari moshi linalokuja, fanya hivyo hivyo.

3. Ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu nawe uko pwani, ondoka. Lakini tukumbuke: tetemeko la Sumatra hatutalisikia hapa. Kwa hiyo usingoje mtikisiko.

4. Sikiliza redio. Tangu mwaka 2011 nchi za Bahari ya Hindi zina mpango wa pamoja wa kutoa tahadhari. Australia, India na Indonesia hupima na kutuma taarifa. Hapa nchini wa kutazamiwa ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kwa tsunami ya Sumatra tuna saa kadhaa mkononi. Tusizipoteze kama mwaka 2004.

5. Ukisikia uvumi wa simu, usiutawanye. Uliza kwanza ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Uvumi wa uongo ukirudiwa, siku ya kweli watu hawataamini.

6. Ukiwa umekwisha panda juu, kaa huko huko. Mawimbi huja moja baada ya jingine kwa saa nyingi. Ngoja mpaka wenye mamlaka waseme hatari imekwisha.

7. Mvuvi aliye mbali kilindini asikimbilie ufukoni. Abaki kwenye maji makuu, maana huko wimbi halimdhuru.

8. Tuihifadhi mikoko yetu. Mikoko haizuii tsunami kubwa, lakini inapunguza nguvu ya maji na kushika udongo. Tukiikata yote kwa nguzo na kuni, tumejivua nguo wenyewe.

KAZI YA DARASA NA NYUMBANI

Someni somo hili kwa sauti, halafu mjadiliane:

1. Wimbi la upepo na tsunami vinatofautiana vipi?

2. Kwa nini watu wa Simeulue walipona, na watu wengi wa Lisbon na Hilo hawakupona?

3. Ukiwa Deep Sea, Sahare au Tongoni, mahali pa juu pa karibu ni wapi? Mtafika kwa miguu kwa dakika ngapi? Mzee asiyeweza kutembea atabebwa na nani?

4. Waulizeni wazee: je, wamewahi kuona bahari ikienda si saa yake? Waulizeni pia waliokuwa pwani tarehe 26 Desemba 2004 waliona nini. Andikeni majibu katika daftari. Wekeni tarehe, mahali na saa.

Daftari hilo mlitunze, watoto wenu walisome. Watu wa kijiji kile cha Pangani hawakutuachia hata neno moja. Sisi tunajua kuandika. Tusiwaachie wajukuu wetu mchanga mtupu.